Kweli au Uongo: Wazigua, Wasomali na Mpira wa Miguu

"Timu ya sekondari ya Lewiston, iliyotwaa ubingwa wa jimbo la Maine, Marekani, mwaka 2015, ilikuwa timu ya Wasomali."

Nusu kweli. Wengi walikuwa na asili ya Somalia, lakini walikuwemo pia wenye asili ya Kongo na Kenya. Baadhi ya waandishi wa habari wakawaweka wote kapu moja. Mjini humo wanaishi pia Wabantu wa Somalia, jamii ambayo baadhi ya watu wake huko Marekani bado wanazungumza Kizigua. Mzee Mzigua wa Handeni, mkoani Tanga, angewaelewa.

"Wazigua wa Somalia ni wageni Handeni."

Uongo mtupu. Mababu zao walitolewa Uzigua karne ya 19, wakauzwa utumwani Somalia, na waliotoroka wakafungua mashamba bonde la mto Juba. Vita vya 1991 vilipowafukuza, baadhi yao walishukia Tanga, wakakaa Mkuiu, kisha Chogo, wilayani Handeni, na serikali ikawapa wengi wao uraia. Hao wamerudi kwao, tena kwa njia ndefu na ya machungu.

"Kombe linafuta ubaguzi."

Uongo, ingawa magazeti huipenda sana kauli hiyo. Mwaka 2002 meya wa Lewiston aliandika barua ya wazi akiwataka Wasomali wapunguze kasi ya kuhamia mjini kwake. Baada ya ubingwa, mji ukasifiwa kana kwamba umepona. Ufaransa nayo iliimbiwa hivyo ilipotwaa Kombe la Dunia 1998 na kikosi cha rangi zote. Miaka minne baadaye Jean-Marie Le Pen, mwanasiasa aliyepinga wahamiaji, akaingia duru ya pili ya uchaguzi wa rais.

"Kwetu Tanzania hakuna maswali kuhusu asili ya mchezaji."

Kwa kabila, karibu kweli: ni nadra gazeti kutaja kabila la mchezaji wa Taifa Stars, na Wagosi wa Kaya, Coastal Union ya Tanga, wana mashabiki wasio Wasambaa wala Wabondei. Kwa utaifa, uongo. Haji Mnoga, mzaliwa wa Portsmouth mwenye baba Mzanzibari, aliwahi kuchezea vijana wa Uingereza kabla ya kuvaa jezi yetu. Mchezaji wa aina hiyo akifanya vizuri ni wetu. Akikosea, utasikia "yule wa Ulaya".

Basi wanahabari wa Tanga, kijana wa Chogo akifunga bao Korogwe, andikeni jina lake na timu yake. Kama ana uraia, msimwite mkimbizi.