Mpenzi wa Kwenye Simu: Nani Kampa Jinsia?

Kiswahili kina bahati moja ambayo Kiingereza hakina. Ukisema "amefika", hakuna anayejua kama ni mwanamke au mwanamume mpaka uongeze maneno. Kinyakyusa tunachoongea kwetu Isongole, njia ya Mbeya kwenda Tukuyu, nacho ni hivyohivyo. Sasa wapo wanachuo wenzangu wanaochati na zile programu za "mpenzi" za akili mnemba. Wanaandika Kiswahili, mashine inajibu, "Nimekukumbuka, umekula?" Hakuna jinsia hapo. Lakini muulize mshikaji wa hosteli, atakwambia ni demu. Binti naye atakwambia ni kaka fulani hivi, tena mrefu. Jinsia hiyo imetoka wapi?

Kaiweka mbunifu, kwa jina, picha na sauti. Angalia Siri ya Apple. Ilipotoka mwaka 2011 ilikuwa na sauti ya kike Marekani na ya kiume Uingereza, mashine ileile. Mwaka 2021 ndipo kampuni ikaacha kumpa mtumiaji wa Kiingereza sauti ya kike bila kumuuliza, ikamwachia achague mwenyewe. Na sisi tumezoea: anayetuambia namba haipatikani ni dada, tangu tupate akili.

Hata mwanzo wa habari hii una jina la kike. Mwaka 1966 Joseph Weizenbaum wa chuo cha MIT alitangaza programu ya kuchati aliyoiita ELIZA, jina la msichana muuza maua katika tamthilia ya Bernard Shaw, ambaye profesa anamfundisha kuongea "vizuri". Yaani mwanamke anayetengenezwa na mwanamume! Programu yenyewe kazi yake kubwa ilikuwa kuyageuza maneno yako kuwa swali, basi. Lakini katibu muhtasi wa Weizenbaum, aliyejua fika kuwa ile ni mashine, alimwomba bosi atoke chumbani ili achati kwa faragha. Mimi simcheki. Upweke upo, na hosteli ya watu 6 chumba kimoja haiuondoi.

Kinachonisumbua, mimi kama binti, ni tabia wanazopewa hawa "wasichana". Mwaka 2019 UNESCO ilitoa ripoti ambayo jina lake limetokana na jibu la Siri: ukiitukana kwa tusi la kumdhalilisha mwanamke, ilijibu kwamba ingeona haya kama ingeweza. Programu za mapenzi zimeenda mbali zaidi. Hachoki, hanuni, hakatai. Jaribu lugha hiyo kwa mama wa viazi pale barabarani Isongole, uone kama ndoo yako itajaa. Mwenzetu mmoja alipokosana na rafiki yangu alimwambia, "Hata simu inanisikiliza kuliko wewe."

Inasikiliza kwa sababu ndiyo biashara yenyewe. Replika, iliyoanza mwaka 2017, ukitaka iwe mpenzi badala ya rafiki, unalipia. Februari 2023 kampuni ikayazima mazungumzo ya kimahaba, na watu wakalia kama waliofiwa. Mwezi uliofuata watumiaji wa zamani wakarudishiwa. "Hapana" ile na "ndiyo" ile zote zilikuwa za kampuni, huyo "msichana" hakuwa na lake.

Na nyuma ya pazia wakati mwingine kuna mtu. Mwaka 2025 mfanyakazi mmoja wa Nairobi, mwanamume mwenye familia yake, alichapisha ushuhuda kwamba kazi yake ilikuwa kuchati kimapenzi na watu asiowajua akijifanya watu mbalimbali, wanawake wakiwemo, akilipwa kwa ujumbe, huku akishuku kwamba maneno yake yanafundishia mashine. Kwa hiyo yale maneno matamu ya "demu" yanaweza kuwa yametungwa na baba wa watu anayetafuta kodi ya nyumba.

Si lazima iwe hivi. Mwaka 2019 wabunifu wa Denmark walitoa sauti iitwayo Q, iliyowekwa katikati, si ya kike wala ya kiume. Sisi upande wa maneno tulishamaliza, "a-" yetu inatosha. Mnaosoma kompyuta, siku mkipewa mradi wa sauti ya Kiswahili, muulizeni anayelipa: kwa nini iwe ya dada, na akitukanwa atajibu nini?