Kiwavi, Pupa na Nondo: Istilahi Zipimwe kwa Kiumbe Mwenyewe

Katika kazi ya kusanifu istilahi, aghalabu sisi hukaa mezani na kamusi mbili tatu, tukalinganisha neno na neno. Njia hiyo ina manufaa yake, lakini haitoshi. Neno laweza kupendeza masikioni na kukubaliwa katika orodha, kisha likashindwa mara tu linapokutana na kitu linachokitaja. Makala hii yakusudia kulieleza jambo hilo kwa mfano mdogo ambao kila mwalimu aweza kuujaribu nyumbani: kumlea kiwavi aliyeokotwa shambani mpaka awe nondo.

Chanzo cha makala ni kosa. Mwandishi aliwahi kupewa mswada wa tafsiri ya mazoezi ya sayansi ili ausome. Humo mliandikwa kwamba kiwavi akishakomaa hugeuka kuwa kifukofuko, na wanafunzi waliagizwa wangoje nyuzi zionekane. Kumbe kiwavi aliyetajwa katika zoezi ni yule wa matembele, ambaye hajifumii nyumba ya nyuzi kamwe. Yeye hujizika ardhini. Mwanafunzi anayeufuata mswada ule angengoja bure, na yamkini angeumwaga udongo pamoja na kiumbe aliye hai ndani yake. Hapo kosa la neno limekwisha kuwa kosa la elimu.

Malezi ya kiwavi

Nondo wa viazi vitamu, ambaye wataalamu humwita Agrius convolvuli, anapatikana Afrika, kusini mwa Ulaya, Asia na hata Australia. Hutaga mayai yake moja moja juu ya majani. Kiwavi wake hutambulikana kwa pembe ndogo iliyo nyuma, karibu na mkia, na akikomaa aweza kufikia urefu wa sentimeta 9. Yuko wa kijani na yuko wa hudhurungi, nao ni wa aina moja.

Anayetaka kumlea na atafute ndoo au debe, atie udongo laini wenye unyevu kidogo kiasi cha sentimeta 15, kisha afunike kwa kipande cha chandarua. Chakula kiwe majani ya mmea uleule alioonekana juu yake, mabichi, yasiyopuliziwa dawa, tena yabadilishwe kila siku. Kinyesi kiondolewe, kwa maana uchafu na majimaji huleta ukungu na maradhi. Iwapo ni kiwavi mwenye manyoya, asishikwe kwa mkono mtupu, kwani baadhi yao huwasha vibaya.

Kiwavi hukua kwa kujivua ngozi. Kila inapombana huacha kula, hutulia, kisha ngozi hupasuka naye hutoka na mpya. Siku hiyo asiguswe wala asibanduliwe jani lake. Kipindi kati ya kujivua mara moja na mara ya pili chahitaji jina. Wako waandikao “hatua”, lakini neno hilo tumekwisha lipa kazi ya kutaja yai, kiwavi, pupa na mdudu kamili. Twapendekeza “rika”: kiwavi wa rika la kwanza, wa rika la pili, hadi la tano, ambalo kwa jamii ya nondo huyu ndilo la mwisho.

Lava, buu na kiwavi

Baadhi ya wafasiri huandika “buu” kila wanapokutana na mtoto wa mdudu. Anayemlea kiwavi ataona upungufu wake. Buu la inzi halina miguu; kiwavi ana miguu 6 ya kweli karibu na kichwa, na nyuma yake miguu ya nyama isiyozidi jozi 5. Kiswahili kilikwisha gawanya mambo haya zamani: inzi ana buu, nyuki ana jana, mbu ana kiluwiluwi, nondo na kipepeo wana kiwavi. Kilichokosekana ni jina la jumla, na nafasi hiyo yafaa ishikwe na “lava”. Basi “lava” lisiyafukuze maneno yale manne. Liwe mwavuli juu yake. Mkulima anayesoma onyo juu ya viwavijeshi hana haja ya kusomewa habari za lava.

Pupa na kifukofuko

Baada ya wiki tatu hivi, kwa kutegemea joto, kiwavi huacha kula, rangi yake hufifia, naye huzunguka chomboni kama aliyepotea njia. Hajaugua, atafuta mahali pa kujizika. Huchimba, hujitengenezea chumba cha udongo, na humo hujivua kwa mara ya mwisho. Anayebaki ni kiumbe wa hudhurungi asiye na miguu ya kutembelea, mwenye ganda gumu, na mbele yake pana mkono uliopinda mithili ya mkono wa birika. Humo ndimo unamoumbwa mrija mrefu wa kunyonyea maji ya maua. Huyu ndiye pupa.

Kifukofuko ni jambo jingine. Ni nyumba ya nyuzi ambayo baadhi ya viwavi hujifumia kabla ya kuwa pupa. Kifukofuko cha nondo wa hariri ndicho kinachotupatia uzi. Pupa ni mwenye nyumba. Kifukofuko ni nyumba. Kila nondo hupitia hali ya pupa, lakini si kila nondo hufuma kifukofuko.

Wako wanaolikataa neno “pupa” kwa hoja kwamba tayari lina maana ya haraka yenye tamaa. Hali kadhalika “nondo” hulaumiwa kwa kuwa ni chuma cha kujengea. Hoja hizi hazina uzito mkubwa, kwani upatanisho wa kisarufi hutenganisha maana: twasema “pupa hii” na “pupa huyu”, “nondo hizi za zege” na “nondo hawa wa usiku”. Mlezi mwenyewe atakubali kwamba maneno mawili yanaelewana vizuri, maana mwenye pupa ya kufukua udongo kila siku humwua pupa wake.

Kuanguliwa na kuchomoza

Wiki mbili hadi nne zikipita, nondo hutoka. Chomboni pawe na kijiti au ukuta wa kukwaruza apate kupanda na kuning'inia, kwa sababu hutoka na mabawa madogo yaliyonywea, ambayo huyatanua kwa kuyasukumia maji ya mwili. Akikosa mahali pa kuning'inia, hukauka yakiwa yamekunjamana, na hataruka maisha yake yote. Yai huanguliwa, twapendekeza pupa asisemwe kuwa ameanguliwa, bali nondo achomoze. Jioni aachiliwe nje.

Wakati mwingine huchomoza inzi au nyigu wadogo badala ya nondo. Mlezi asijilaumu: mayai yao yalikwisha tagwa kwa kiwavi kabla hajaokotwa.

Mapendekezo

Kwa ufupi, twapendekeza matumizi haya:

1. Lava: jina la jumla la mdudu baada ya kuanguliwa na kabla ya kuwa pupa.
2. Kiwavi: lava wa nondo au kipepeo.
3. Rika: kipindi cha kiwavi kati ya kujivua na kujivua.
4. Pupa: mdudu katika hali ya utulivu kabla ya kuwa mdudu kamili.
5. Kifukofuko: nyumba ya nyuzi inayomhifadhi pupa wa baadhi ya wadudu.
6. Kuchomoza: kutoka kwa mdudu kamili katika ganda la pupa.

Walimu wanaombwa wayajaribu maneno haya mbele ya chombo chenye kiwavi, si mbele ya ubao peke yake. Neno litakalowafanya watoto watafute kisichokuwapo na lirudishwe kwetu, pamoja na lile linalotumika mahali penu.