Ishara za Wakati Zifuatazo Mapigo ya Umeme: Chombo na Maneno Yake

Butimba ni mahali palipo kusini ya kitovu cha jiji la Mwanza, karibu na Ziwa Viktoria, napo pajulikana zaidi kwa chuo chake cha ualimu na gereza lake. Umeme wa gridi ufikao huko hauna tofauti na ule ufikao Dar es Salaam: ni mkondo geu wa volti 230, ambao huenda na kurudi mara 50 katika kila sekunde. Aghalabu watu huutazama kama nguvu ya kuwashia taa na kusukumia mashine. Lakini ndani yake mna jambo la pili, yaani kipimo cha wakati; maana kitu kirudiacho hali yake mara 50 kwa sekunde chaweza kuhesabiwa, na kihesabikacho chaweza kuwa saa.

Makala haya yaeleza jinsi kidhibiti kidogo, ambacho mafundi hukiita maikrokontrola, kiwezavyo kutumiwa kutoa ishara za wakati zifuatazo mapigo hayo. Kadhalika yachunguza maneno yatumikayo katika kazi hiyo, kwa sababu baadhi yake yana maana mbili, na maana ya pili humpotosha fundi. Jambo hili si dogo kwa mahali kama Butimba. Mwalimu afundwaye chuoni hukutana na fizikia ya sekondari kwa Kiingereza, lakini fundi wa mtaani atakayetengeneza kengele ya shule au kipima wakati cha maabara huelezwa kazi yake kwa Kiswahili. Neno likiwa na utata, chombo nacho kitakuwa na kasoro.

Masafa na marudio

Neno la kwanza litakiwalo ni lile la kutaja hesabu ya mara 50 kwa sekunde, hesabu ambayo kipimo chake ni hezi. Wengi husema masafa. Neno hilo limetokana na Kiarabu, na maana yake ya asili ni umbali. Lilipoingia katika habari za redio lilitumiwa kwa haki kabisa katika maneno kama masafa mafupi na masafa ya kati, kwani hapo hutajwa urefu wa wimbi, na urefu ni umbali. Baadaye neno lilo hilo lilitumiwa kwa hesabu ya mawimbi katika sekunde moja. Basi maana mbili zilizo kinyume zikakaa katika neno moja: wimbi likiwa refu, mara zake kwa sekunde huwa chache, likiwa fupi, mara zake huwa nyingi. Anayeambiwa kwamba masafa ya umeme yamepungua hawezi kujua kwa neno hilo peke yake kama wimbi limefupika au kama mapigo yamekuwa machache.

Kwa sababu hiyo makala haya yatumia neno marudio kwa hesabu ya mara kwa sekunde, na neno kipindi kwa muda wa wimbi moja. Marudio yakiwa 50, kipindi ni milisekunde 20. Marudio yakipungua, kipindi hurefuka. Hapo hapana shaka yoyote.

Asili ya mapigo

Mashine zote za kuzalisha umeme zilizounganishwa katika gridi moja huzunguka kwa mwendo uliofungamana. Mashine yenye ncha mbili za sumaku haina budi kuzunguka mara 3,000 kwa dakika ili kutoa marudio 50. Yenye ncha 16, kama zitumikavyo mara nyingi katika nguvu za maji, huzunguka mara 375. Watu wanapowasha vyombo vingi kwa pamoja, mzigo huongezeka na mashine hupungua mwendo kidogo, na marudio hushuka. Mzigo ukipungua, marudio hupanda. Wasimamizi wa gridi hurekebisha hali hiyo usiku na mchana, lakini marekebisho hayo hayawezi kuwa kamili.

Mwaka 1916, huko Boston, Marekani, Henry Warren aliweka katika kituo cha umeme saa yenye mikono miwili: mmoja uliendeshwa na mota ifuatayo umeme, na mwingine na timazi ya kuning'inia. Msimamizi alipoona mkono wa kwanza umebaki nyuma, aliongeza mwendo wa mashine mpaka mikono ikalingana. Hivyo mapigo yaliyopotea yalilipwa, na saa za majumbani zikaweza kuaminiwa. Somo la jambo hili ni kwamba umeme huwa saa njema pale tu deni la mapigo linapolipwa. Lisipolipwa, saa hupotea. Kati ya Januari na Machi mwaka 2018, wastani wa marudio katika gridi kubwa ya Ulaya ulishuka hadi 49.996 kwa sababu ya mgogoro wa umeme baina ya Serbia na Kosovo. Upungufu huo ni mdogo mno kwa macho, lakini saa zilizotegemea umeme zilibaki nyuma karibu dakika sita.

Fundi wa Butimba, basi, asichukulie kwamba umeme wake ni saa kamili kabla ya kuupima. Marudio yakikaa 49.9 kwa saa moja nzima, chombo kitabaki nyuma sekunde 7.2. Kipimo chafaa kifanywe kwa siku kadhaa, kwa kulinganisha na ishara za setilaiti za kuonyesha mahali, ambazo nazo hutoa pigo moja kwa kila sekunde.

Chombo chenyewe

Sehemu ya kwanza ni transfoma ya kushusha volti 230 mpaka volti 9 hivi. Kazi yake si kushusha tu, bali pia kutenga: hakuna waya wa umeme wa nyumba uruhusiwao kugusana na kidhibiti wala na mkono wa mtu. Umeme wa volti 230 huua, na jambo hili halina udhuru.

Sehemu ya pili ni ya kuumba mapigo. Wimbi la umeme hupanda na kushuka polepole, lakini kidhibiti chataka mpaka ulio wazi kati ya ndiyo na hapana. Kwa rezista za kupunguza, daiodi za kulinda na saketi ya kizingiti, wimbi hugeuzwa kuwa pigo la pembe kali kila linapopita sifuri. Likihesabiwa linapopita sifuri kwa kupanda tu, mapigo huwa 50 kwa sekunde. Likihesabiwa kwa kupanda na kushuka pia, huwa 100. Kwa saa yafaa zaidi kuchagua upande mmoja, kwa kuwa nusu mbili za wimbi aghalabu hazilingani sawasawa baada ya kupita katika saketi.

Sehemu ya tatu ni kidhibiti chenyewe. Kikitumiwa ATmega328P chenye mwendo wa hezi milioni 16, na kihesabio chake kikigawanywa kwa 8, hupatikana hatua milioni mbili kwa kila sekunde. Kipindi kimoja cha umeme huwa hatua 40,000, nacho kihesabio cha biti 16 chaweza kufika 65,535, kwa hiyo wimbi zima humo ndani. Kila pigo lifikapo, kidhibiti huandika hesabu ya wakati huo, na programu hutoa hesabu ya pigo lililotangulia. Jawabu ni urefu wa kipindi.

Mapigo yote si ya kweli. Mota ya pampu inapowashwa karibu, au radi inapopiga upande wa ziwani, pigo la uongo huweza kuingia. Kwa hiyo programu hufungua mlango kwa muda mfupi tu: pigo hukubaliwa likija kati ya hatua 38,000 na 42,000, yaani kati ya milisekunde 19 na 21. Lijalo mapema hukataliwa. Lisipofika hata mlango unapofungwa, kidhibiti hutia pigo lake chenyewe ili hesabu isikatike. Mapigo 50 yakitimia, hutolewa ishara moja ya sekunde.

Kufuatisha na kulandanisha

Hapa neno la pili lataka kuchunguzwa. Kwa tendo la kupatanisha mapigo mawili hutumiwa kulandanisha, kuoanisha na mengineyo. Kulandana ni kufanana au kulingana. Hakusemi nani aongoza na nani afuata. Neno hilo lafaa sana kwa mashine mbili za umeme zinazotaka kuunganishwa, ambapo zote mbili ni sawa kwa cheo. Lakini katika chombo hiki umeme huongoza, na kidhibiti hufuata. Neno kufuatisha hubeba maana hiyo.

Mfano wake waonekana katika Usukuma kwenyewe, katika ngoma ya bugobogobo, ichezwayo kwa majembe. Ngoma hutoa mdundo, na wachezaji hupandisha na kushusha majembe kwa kuifuata. Mchezaji hazibi masikio na kuhesabu peke yake, wala hangoji kusikia kila pigo ndipo ainue jembe; mwili wake umekwisha jua muda wa pigo lijalo, na kila pigo humrekebisha kidogo. Programu njema hufanya vivyo hivyo. Haibadili mwendo wake wote kwa pigo moja lililochelewa, bali hujisahihisha kwa sehemu ndogo ya tofauti, mathalani sehemu moja ya kumi na sita, kwa kila pigo.

Ngoma ikinyamaza kitambo na kuanza tena, mchezaji aweza kuushika mdundo upya, lakini mdundo wenyewe haumwambii ni mapigo mangapi yalipita katika ukimya. Hali hiyo ndiyo ya umeme kukatika. Umeme urudipo, chombo huweza kuungana nao kwa kipindi kimoja au viwili, lakini wimbi halina alama ya kuonyesha ni sekunde ngapi zilipotea. Hesabu hiyo haina budi kushikwa na kitu kingine, nacho ni fuwele ya kwatsi, pamoja na betri ya kukilisha kidhibiti.

Hapo ubora wa kitu kinachohesabu huwa jambo kubwa. Fuwele yenye hitilafu ya sehemu 50 kwa milioni hupotoka sekunde 0.72 katika umeme uliokatika kwa saa nne. Kitetemeshi cha kauri chenye hitilafu ya nusu ya mia, ambacho ni rahisi kwa bei na hupatikana katika vibao vingi vya kujifunzia, hupotoka sekunde 72 katika muda huo huo. Umeme uwapo, vyote viwili huonekana sawa, kwa kuwa wote wamfuata kiongozi mmoja. Tofauti yao hudhihirika kiongozi anapoondoka.

Iko hatari nyingine iliyo kubwa kuliko kukatika. Umeme ukikatika, jenereta huwashwa. Jenereta ndogo isiyo na mzigo mwingi yaweza kutoa marudio 51, na kipindi chake cha milisekunde 19.6 hupita mlangoni bila kuzuiwa. Chombo kitaifuata kwa utiifu, na kila saa kitatangulia sekunde 72. Dawa yake ni kumpima kiongozi kwa fuwele: wastani wa marudio ya dakika moja ukitofautiana na 50 kwa zaidi ya nusu, chombo kiache kufuata, kiende kwa fuwele mpaka umeme wa gridi urudi. Atumiaye neno kulandanisha peke yake huenda asiulize swali hili, maana neno halimkumbushi kwamba yuko kiongozi, na kwamba kiongozi huweza kubadilika.

Saa na wakati

Neno la tatu ni saa. Katika Kiswahili neno hili ni chombo, ni muda wa dakika 60, na ni nafasi katika siku. Mabaharia wa pwani walikuwa na usemi saa ya majira kwa saa ya kuongozea chombo baharini, na usemi huo wafaa kukumbukwa, kwani watenga saa inayotegemewa na saa ya kawaida. Kidhibiti kikitakiwa kuonyesha saa kwa desturi ya Kiswahili, programu huongeza 6 kwenye hesabu ya saa 24, hugawanya kwa 12, na huchukua baki. Baki likiwa sifuri, huandikwa 12. Kwa mfano, 13 hutoa 7, yaani saa saba mchana.

Desturi hiyo yaanza hesabu yake alfajiri, lakini saa ya nchi haifuati jua la Mwanza. Wakati wa Afrika Mashariki hupimwa kwa longitudo ya 45 mashariki, mstari usiopita Tanzania hata kidogo. Mwanza iko karibu na longitudo ya 33, na kila nyuzi moja ni dakika nne. Kwa hiyo jua la Butimba liko nyuma ya saa ya ukutani kwa dakika 48 hivi kwa wastani wa mwaka. Saa kumi na mbili kamili asubuhi, jua halijachomoza. Mwanafunzi akilinganisha chombo chake na kivuli cha mchana ataona kosa la karibu saa nzima, na kosa hilo si la chombo.

Basi fundi aulize mambo matatu kabla ya kushika chuma cha kulehemu: ishara itakiwayo ni ya kufuata wimbi la umeme au ya kushika wakati, kiongozi akiondoka, nani atashika hesabu, na akirudi, atatambuliwaje kuwa ndiye. Maneno marudio, kipindi na kufuatisha hayatoshi kujibu maswali hayo, lakini huyafanya yaulizike kwa Kiswahili bila utata. Yafaa wanaosanifu istilahi wayapime maneno hayo mbele ya mafundi wenyewe, kwenye meza ya kazi, kabla ya kuyatia katika kamusi.