Mikono inayokomaa Rue Haute

Hospitali ya Saint-Pierre iko Rue Haute, katika mtaa wa Marolles, Brussels. Kuanzia miaka ya tisini, madaktari Guy-Bernard Cadière na Jacques Himpens walifanya hapo upasuaji wa kupunguza uzito kwa njia ya matundu madogo. Wakongo wanamfahamu Cadière kwa jambo jingine: vyombo vya upasuaji huo alivipeleka hospitali ya Panzi, Bukavu, kuwatibu wanawake pamoja na daktari Denis Mukwege.

Asiyewahi kushika vyombo hivyo hudhani kazi ni ileile ya zamani, ila kidonda ni kidogo. Sivyo. Daktari halioni tumbo, anaona runinga. Akipeleka mkono kulia, ncha ya chombo huko ndani huenda kushoto, kwa kuwa tundu la ngozi ndilo egemeo. Vidole vyake havigusi nyama. Na mgonjwa mnene mara nyingi ana ini lililojaa mafuta, limeufunika mfuko wa chakula. Katika hali hiyo daktari aukate mfuko, abakize kijifuko cha ukubwa wa yai, akiunge na utumbo mwembamba, kisha aunge utumbo kwa utumbo. Kiungo kimoja kikivuja, mgonjwa anaweza kufa.

Mwaka 2003, Philip Schauer na wenzake wa Marekani waliandika kwamba daktari huhitaji kupasua wagonjwa wapatao 100 kabla hajaimudu kazi hii. Nikiisoma hesabu hiyo, namfikiria mgonjwa wa tatu. Kinachomlinda ni mwalimu aliyesimama ubavuni mwa mwanafunzi, tayari kupokea chombo. Mwanafunzi naye awe ameanzia mbali: kushona ndani ya sanduku la mazoezi, kushika kamera, kisha kuachiwa hatua moja tu ya upasuaji.

Lakini wingi wa wagonjwa peke yake hautoshi. Huko Michigan, madaktari 20 walirekodiwa wakipasua, na wenzao wakawapima kwa kutazama video bila kujua ni za nani. Matokeo yalitoka 2013: kati ya wagonjwa 100 wa kundi lililopewa alama za chini kabisa, zaidi ya 14 walipata madhara; kwa kundi la juu, takriban watano.

Kwangu mimi, umahiri mkubwa zaidi wa Brussels ulionekana mwaka 2011. Himpens, Cadière na wenzao waliwatafuta watu 151 waliowafunga mkanda wa kubana mfuko wa chakula kati ya 1994 na 1997. Waliweza kuwafuatilia 82. Wakachapisha walichokikuta: karibu nusu yao mkanda ulibidi utolewe, na kwa zaidi ya robo ulikuwa umeutoboa mfuko. Ilikuwa kazi ya mikono yao wenyewe, nao waliiandika bila kuficha. Wengine 69 hawamo katika hesabu hiyo, na ningependa sana kujua hali zao.