Bujumbura sasa inanunua gari kwa kuhesabu lita

"Linakunywa kiasi gani?" Hilo ndilo swali linalotangulia leo gari linapouzwa Bujumbura, hata kabla muuzaji hajataja bei. Zamani mnunuzi alitazama kwanza kimo cha gari, rangi yake, umri wake na heshima litakayompa mwenyewe siku ya harusi. Mwenye uwezo alichukua Prado au RAV4, na asiye nao alivumilia Carina Ti iliyochoka huku akiweka akiba ya kupanda daraja. Tangu uhaba wa mafuta uliposhika na kuwa sugu, miaka hii iliyofuata 2021, mpangilio huo umepinduka. Vitz na Probox, ambazo watu walizinunua kwa kukosa la kufanya, sasa zinatafutwa kwa sifa moja kubwa: lita moja inafika mbali. Gari kubwa linalolala uani wiki mbili bila tone la esansi limelifundisha jiji kwamba kuwa na gari ni jambo moja, na kuwa na usafiri ni jambo jingine.

Wapo wanaoamini kwamba haya ni ya kupita, kwamba dola zikirudi foleni za stesheni zitakwisha na kila mtu atarudia ndoto yake ya gari refu. Ningependa kuamini hivyo, lakini mambo yenyewe hayaelekei huko. Burundi haichimbi wala haisafishi mafuta. Kila lita hununuliwa kwa fedha za kigeni na kuja kwa lori, nyingi zikitokea bandari ya Dar es Salaam, safari ya zaidi ya kilomita 1,200. Fedha hizo hutoka kwenye kahawa, chai, madini na misaada, na thamani ya tunachouza nje haikaribii gharama ya tunachoagiza. Mei 2023 Benki ya Jamhuri ya Burundi ilishusha thamani ya faranga. Julai mwaka huohuo Shirika la Fedha la Kimataifa likaidhinisha mkopo wa takriban dola milioni 271. Baadaye serikali ikaunda kampuni yake ya mafuta, SOPEBU. Pamoja na hayo yote, watu wameendelea kulala kwenye foleni, wengine wakavuka mpaka wa Gatumba kwenda Uvira, Kongo, kutafuta esansi, na dumu la magendo likauzwa kwa bei inayozidi ile rasmi mara kadhaa. Mnunuzi anayechagua gari dogo amesoma hali hii vizuri kuliko wanaomwambia asubiri.

Ila hesabu ya mnunuzi imeishia njiani, na jiji linapaswa kuimalizia. Prado lenye mtu mmoja ndani linaweza kula lita 12 au 13 kwa kilomita 100. Vitz ikiwa na mtu mmoja hula lita 5 au 6, nafuu inayoonekana. Lakini Hiace inayokula lita 12 ikiwa imebeba abiria 15 inamtoza kila abiria chini ya lita moja. Pikipiki iliyobeba abiria mmoja hula lita 2 hadi 3, na baiskeli haili kitu. Ukiipanga orodha hiyo kwa kufuata uchungu wa esansi, usafiri unaostahili kupewa nafasi ya kwanza Bujumbura ni ule uleule tuliouona wa hali ya chini: basi, pikipiki, tuktuk na baiskeli. Hapo ndipo ninapotofautiana na wanaosherehekea gari dogo kama jibu la tatizo. Gari dogo ni nafuu kwa familia chache zinazoweza kulinunua. Wakazi wengi wa mitaa ya Kinama, Kamenge, Musaga na Kanyosha hawajawahi kuwa kwenye soko la magari, na mahitaji yao ndiyo makubwa zaidi.

Tatizo ni kwamba magurudumu hayo madogo yana rekodi mbaya mbele ya mamlaka. Machi 2022 serikali ilitangaza kwamba baiskeli, taksi-moto na tuktuk hazitaruhusiwa tena katika sehemu kubwa ya jiji, ikitaja ajali na usalama. Hoja ya ajali si ya kupuuzwa. Wanaokufa juu ya pikipiki ni vijana wenye familia, na yeyote anayetetea taksi-moto bila kutaja kofia ngumu, mwendo na leseni anatetea jambo ambalo hajalitazama. Hata hivyo hatari haiondoki barabarani kwa kuondoa chombo kimoja. Anayekosa pikipiki, halafu akakosa basi kwa sababu basi nalo halina mazutu, anatembea kwa miguu kurudi Kanyosha gizani, kandokando ya barabara ambayo sehemu nyingi haina njia ya waenda kwa miguu. Naye yumo barabarani, naye anaweza kugongwa. Tazama pia Hiace zenyewe, ambazo nyingi hutoka Japani zikiwa na usukani kulia: mlango wake wa abiria uko kushoto. Kwetu magari hupita kulia, kwa hiyo abiria, mama mwenye mtoto mgongoni au mwanafunzi, anashukia upande wa magari yanayopita. Hatari hiyo tumeishi nayo miaka yote bila kuzifukuza Hiace jijini. Tulitafuta namna ya kuishi nazo kwa sababu tunazihitaji. Sasa tunavihitaji pia vile vyombo vidogo.

Tena baiskeli haikupaswa kuwekwa kapu moja na pikipiki. Chakula cha Bujumbura kinashuka kwa baiskeli. Ndizi, makaa na mboga vinateremshwa kutoka Bugarama, zaidi ya mita 2,000 juu ya bahari, hadi jiji lililoko kando ya Tanganyika, ziwa ambalo uso wake haufiki mita 800. Kushuka ni kazi ya breki na moyo. Kupanda ndiko kunakotisha: vijana hung'ang'ania nyuma ya malori, baiskeli kadhaa kwa lori moja, katika kona za Barabara ya Taifa namba 1. Wengi huona hapo utovu wa nidhamu. Mimi naona mteja. Mtu anayeshika bomba la lori kwa mkono mmoja ili apande zaidi ya mita 1,200 anatafuta injini ya bei anayoiweza, na soko halijamletea. Baiskeli yenye mota ndogo ya umeme ingemfaa yeye kabla ya kumfaa mwingine yeyote nchini.

Neno umeme huamsha pingamizi papo hapo, na lina haki yake: nchi ambayo watu wake wengi mno hawajaunganishwa na gridi itawezaje kuchaji vyombo vya usafiri? Tufanye hesabu. Pikipiki ya umeme hutumia takriban kilowati-saa 3.5 kwa kilomita 100. Pikipiki 10,000 zinazokimbia kilomita 100 kila moja kwa siku zingehitaji megawati-saa 35. Zikichajiwa usiku kwa saa nane, mzigo wake kwenye gridi haufiki megawati 4.5. Bwawa la Rusumo, linaloiunganisha Burundi na Rwanda na Tanzania, lina megawati 80, na fungu letu ni theluthi yake, karibu megawati 27. Sisemi umeme upo wa kuchezea. Kukatika kwake kunajulikana kila mtaa. Ninachosema ni kwamba pikipiki huomba kidogo, na huomba saa ambazo watu wamelala na mashine zimezimwa. Tena megawati ya Rusumo hainunuliwi kila siku kwa dola kama lita ya esansi. Ethiopia iliona jambo hilo: Januari 2024 ilitangaza kuzuia uingizaji wa magari binafsi ya petroli na dizeli, na fedha za kigeni zinazomezwa na mafuta zilikuwa miongoni mwa sababu kuu. Wao wana mito mikubwa kuliko yetu, na katazo la namna hiyo kwetu lingekuwa ukatili. Lakini ugonjwa waliokuwa wakiutibu ndio wetu.

Bei ya kununua chombo nayo ni kikwazo cha kweli, kwa sababu betri ndiyo inayopandisha gharama ya pikipiki ya umeme. Kigali wamekizunguka kwa njia inayostahili kuigwa: kampuni ya Ampersand, iliyoanza huko mwaka 2019, inabaki na betri, na dereva hulipia umeme tu. Betri ikiisha anaingia kituoni, anaiacha, anapewa iliyojaa, na baada ya dakika chache yuko barabarani. Bujumbura ingefaa kwa mpango huo kuliko miji mingi. Ukiondoa Kiriri na vilima vya mashariki, jiji limelala tambarare kando ya ziwa, safari ni fupi, na vituo vichache vilivyopangwa vizuri vingetosha kuanzia. Itabidi mstari wa katazo uliochorwa mwaka 2022 uangaliwe tena kwa chombo kisichokunywa esansi, na popote utakapowekwa, baiskeli ipewe njia yake.

Hapo wanabaki mafundi. Mtaa wa Buyenzi umejenga jina lake kwa kufungua injini za Toyota na kuzirudisha zikiwa hai, na wapo wanaohofia kwamba mota ya umeme itawaua kwa njaa. Hofu hiyo naielewa. Lakini pikipiki ya umeme bado ina breki, bearingi, shokomzoba, tairi na nyaya, na barabara zetu zitahakikisha vyote hivyo vinarudi gereji. Mota yenyewe ina vipande vichache kuliko injini. Kijana aliyejifunza kabureta kwa kuishika mikononi anahitaji kipima umeme, vipuri vinavyopatikana, na mtu wa kumfungulia betri mara ya kwanza na kumwonyesha pasipofaa kuguswa.