Baniani Ni Nani? Hekalu la Watu wa Kutch Mjini Mombasa

"Baniani mbaya, kiatu chake dawa." Methali hii tumeirithi kwa wazee wetu, na hutamkwa sokoni bila ya mtu kujiuliza huyo Baniani ni nani hasa. Mkaazi wa Timbwani akivuka feri ya Likoni, akafika mjini na kupita barabara ya Haile Selassie, atakutana na hekalu la Swaminarayan lenye picha za rangi kali. Atasema, "Hapo ni kwa Mabaniani," na mazungumzo yakaishia hapo.

Jina hilo ni pana mno. Kwa asili Baniani ni mfanyabiashara wa Kihindu. Hekalu hili ni la jamaa waliotoka Kutch, na wengi wao ni akina Patel, ambao kwao walikuwa wakulima na huku Afrika Mashariki wakajulikana kwa uashi na ukandarasi. Walikuja na mwiko na timazi.

Kutch iko pembe ya magharibi ya Bara Hindi, nchi kavu yenye mvua haba. Majahazi ya bandari yake ya Mandvi yalifika pwani yetu kwa upepo wa kaskazi kabla reli haijaanza kujengwa mwaka 1896. Huko huko Kutch ndiko walikotoka Makhoja na Mamemoni wengi, Waislamu wenzetu. Kwa hivyo ukisikia Kikutch kikisemwa dukani, huwezi kujua kwa lugha peke yake kama msemaji huenda msikitini au hekaluni.

Madhehebu haya yalianzishwa na Sahajanand Swami, aliyezaliwa mwaka 1781 na kufariki 1830. Wafuasi wake humwabudu. Wanaoshika sana sheria zake hawali nyama, hawanywi pombe, hata kitunguu na thomu hawagusi. Na ibadani wanaume na wanawake hukaa mbali mbali. Katika mahekalu yao makubwa taa huzungushwa mbele ya masanamu mara tano kwa siku. Idadi hiyo isimpotoshe msomaji, kwani itikadi iko mbali kabisa na yetu: sanamu huamshwa alfajiri, huvishwa, hupewa chakula, na usiku hulazwa.

Hekalu lao kuu la Bhuj, la miaka ya 1820, liliharibiwa na tetemeko la ardhi la tarehe 26 Januari 2001. Jipya, la marumaru, lilifunguliwa mwaka 2010, na watu wa Kutch walioko ng'ambo walichangia.

Huku kwetu idadi yao imepungua. Mwaka 1962 Kenya ilikuwa na Waasia wapata 176,000. Mwaka 1979 hawakutimia 80,000. Uraia na leseni za biashara viliwatia wengi wasiwasi, na mwaka 1968 Uingereza nayo ikabana mlango, hata kwa wenye pasi zake. Waliobaki walitambuliwa na serikali mwezi wa Julai 2017 kuwa kabila la 44 la Kenya. Kabila moja, yaani Mpatel wa Kutch, Singasinga wa Punjab na Bohora wa Mji wa Kale wote pamoja! Nao Bohora na Mpatel hata hirizi ya jina la Baniani hawakuwahi kuivaa kwa kupenda. Sisi ndio tuliowavisha.