Mawazo ya Masika

Masika yakishika Kizimbani, Zanzibar, njia za mashamba ya viungo hujaa tope na magari ya wageni huadimika. Kijana mtembeza watalii, ambaye Januari hakosi kundi, Aprili hushinda bandani akisuka kofia za majani ya mnazi zisizo na mvaaji. Dukani ana daftari lake la madeni. Ukimuuliza hali atakujibu, "Nna mawazo tu."

Sisi wa afya ya akili neno hilo hatulipiti. Ndani yake mna usingizi unaokatika saa tisa za usiku, ukali kwa watoto, na hesabu moja inayorudiwa mara mia: nimlipe nani kwanza? Akili iliyoshikwa na hesabu hiyo haibakiwi na nafasi ya mengine.

Huko Tamil Nadu, India, wakulima wa miwa hupata fedha zao kwa mkupuo, wakishavuna. Watafiti waliwapa wakulima walewale majaribio ya akili kabla ya mavuno na baada yake. Matokeo, yaliyochapishwa 2013, yalionesha walifanya vibaya zaidi mfuko ulipokuwa mtupu. Utafiti mmoja si msahafu, lakini mchuma karafuu hatashangaa: mkarafuu nao hauzai sawasawa kila mwaka.

Kisha mambo hugeuka. Mawazo yakikomaa yakawa sonona, kutia mguu chini asubuhi ni kazi nzito, na kipato kidogo kilichokuwepo nacho hukatika. Shirika la Afya Duniani linakadiria siku za kazi bilioni 12 hupotea kila mwaka kwa sonona na wasiwasi. Jamaa watamwita mgonjwa mvivu, au watamficha wakiogopa kuonekana Kidongo Chekundu, hospitali ya afya ya akili ambako angetibiwa mapema.

Kwa maoni yangu, kinachochosha zaidi ya uchache wa fedha ni kutojua zitaingia lini. Pensheni Jamii ilipoanza Zanzibar Aprili 2016, kila mzee wa miaka 70 na zaidi alipangiwa shilingi 20,000 kwa mwezi, hata aliyeuza vitumbua maisha yake yote. Fedha ndogo, nakubali. Ila ina mwezi wake, na bibi anaweza kumwambia mwenye duka, "Nikipokea nakuja," naye akaandika bila kukunja uso.

Kijana wa kofia hana la kumwambia. Akija kliniki simwambii "usiwaze". Namuuliza usingizi, kisha namwomba siku nyingine aje na hesabu ya lile daftari.